Baraza la uani

Nyumba yetu ya Ngamiani, kama nyumba nyingi za Kiswahili zilizojengwa Tanga zamani, ina baraza mbele. Lilikuwa baraza la baba. Kila baada ya alasiri alitoka na kanzu yake, wazee wenzake wakaja mmoja mmoja, kahawa ikapita, bao likachezwa mpaka adhana ya magharibi. Nyuma, ukishapita ukumbi, kuna ua: jiko, pipa la maji, mpapai, kamba za kuanikia nguo. Huko ndiko mama alikoshinda miaka yote ya ndoa yake, na hapakuwa na mahali hata pamoja palipojengwa ili mtu apumzike. Alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Alikaa juu ya kigoda akichambua mchele. Akifua, alikalia ndoo aliyoifudikiza. Vyote hivyo ni vikalio vya kazi. Kazi ikiisha, kikalio kinaondolewa.

Baba alifariki mwaka 2019, mwishoni mwa Aprili, siku chache kabla ya mfungo. Matanga yakapita, wageni wakatawanyika, mama akabaki kwenye eda yake ya miezi minne na siku kumi. Mjane aliye kwenye eda hatoki bila dharura, kwa hiyo anga lote alilobakiwa nalo mama ni lile lililoonekana uani. Na mara masika yalipokwisha, kusi likashika na kipupwe kikaingia.

Watu wa Lushoto hucheka wakisikia mtu wa Tanga mjini analalamikia baridi. Ni kweli kwamba usiku wa Julai hapa hushuka hadi digrii 20 hivi, si zaidi sana. Lakini mwanamke aliyepita miaka sitini, magoti yamekaza, nyumba imekuwa kimya, akiamka alfajiri na kukuta manyunyu yanarushwa na upepo wa baharini, yule anasikia baridi, na mimi sikuwa na haja ya kipimo kuniambia. Alivaa sweta la marehemu juu ya kanga zake nyeupe. Asubuhi alibeba kigoda, akakiweka hapa, baada ya muda akakihamishia pale, kisha kule.

Nilikuwa nimekuja kukaa naye, na kwa siku kadhaa nilidhani ni majonzi tu yanayomhangaisha. Kumbe alikuwa analifuata jua. Nyumba yetu imeielekea barabara upande wa kusini, ua uko kaskazini. Tanga iko takribani digrii 5 kusini mwa Ikweta, hivyo mwezi wa Julai jua linakuwa limehamia kaskazini kwetu, linachomoza upande huohuo na kuupiga ukuta wa nyuma kwa ubavu asubuhi nzima. Kusi nalo linatoka upande wa pili, linagota barabarani kwenye nyumba yenyewe. Ukikaa umeegemea ukuta ule, nyumba nzima inakukinga mgongo na jua liko magotini. Mama hakuhesabu digrii zozote, alikuwa ameshajua. Aliponionyesha akaongeza jambo ambalo mimi nisingelifikiria: "Na Januari hapa pana kivuli, mwanangu. Jua linakuwa kule barabarani, na kaskazi linaingia uani moja kwa moja." Mahali pamoja pa kuotea jua kwenye baridi, na pa kupungia upepo kwenye joto.

Nikamwambia basi tujenge baraza hapo. Akanyamaza, kisha akauliza nani atalikalia. Nikasema wewe. Akauliza tena, kana kwamba hakusikia.

Tofauti na wanaonunua viti vya plastiki na kusema wamepata mahali pa kukaa, mimi naamini kiti cha kubebeka hakimpi mtu mahali. Kinakwenda kwa wageni, kinakwenda msibani, kinarudi kimevunjika mguu. Baraza halihamishwi na mtu, na anayelikalia halazimiki kueleza kwa nini amekaa.

Fundi tulimpata Makorora, kijana mpole mwenye mkono safi. Ugumu ulikuwa mmoja: mama hakutaka kuonekana wala kuzungumza na mwanamume asiye maharimu wake mpaka eda iishe. Shangazi alimwambia kwamba kuzungumza kwa haja hakuna ubaya. Mama akamjibu kwamba anajua, na kwamba yeye ameamua hivyo kwa ajili ya mumewe. Basi fundi alipitia mlango wa uani, mama akakaa ndani nyuma ya dirisha lenye pazia, na mimi nikawa mjumbe kati yao. Aliona kila kitu kutoka pale. Nikifika tu dirishani nasikia: "Mwambie msingi ushuke kidogo, pale palikuwa na shimo la taka."

Mawe hatukununua. Jiko la zamani lilikuwa limebomolewa kitambo na mawe yake ya matumbawe yalirundikwa pembeni, mengine bado yana masizi upande mmoja. Fundi alitaka kuyakwangua, maana lipu haishiki kwenye masizi. Mama akaniagiza nimwambie ageuze tu, upande mweusi uangalie ndani, kwenye kifusi cha kujazia. Ndivyo ilivyofanyika. Saruji inatengenezwa hapahapa Pongwe, mchanga tulileta kwa mkokoteni.

Kisha tukafika kwenye kimo. "Baraza ni inchi 18, dada," fundi aliniambia. "Ndivyo tunavyojenga kote." Nikapeleka habari dirishani. Mama hakujibu kitu mchana ule. Jioni, fundi alipokwisha kuondoka, alitoka, akaniomba nipange tofali pale ukutani, akakalia. Miguu ikaning'inia. Tukaondoa tofali, tukaweka vipande vya mbao, tukapunguza, tukaongeza, mpaka nyayo zote mbili zikatua chini bara bara na aliweza kuinuka bila kunishika. Akachukua kamba ya katani iliyokuwa imefungia gunia. Akaishika ncha kwenye kisigino, akaipandisha hadi nyuma ya goti, akafunga fundo. Kutoka hapo akaipitisha chini ya paja hadi ukutani, fundo la pili. Akainyoosha toka kwenye kikalio hadi chini ya bega, fundo la tatu. Alifunga kila fundo polepole, akalivuta kwa meno likakaza.

Asubuhi nilimpa fundi ile kamba. Aliishika, akaiangalia, akatoa futi yake akapima fundo la kwanza: inchi 15 na nusu. Nilitarajia abishe. Akauliza, "Ni bibi mwenyewe amepima?" Nikasema ndiye. Akaichomeka kamba kwenye msumari ukutani, akawa anaitumia ileile badala ya futi, na mpaka kazi imekwisha sikumwona akipima baraza lile kwa kitu kingine.

Upande wa mwisho, karibu na mpapai, mama aliomba liwe pana zaidi, mtu aweze kupandisha miguu, kuweka ungo, kumlaza mtoto. Juu likapigwa niru, likainamishwa kidogo mbele ili mvua isituame. Tukalifunika kwa magunia ya katani tukawa tunayalowesha asubuhi na jioni, wiki nzima, maana saruji inayokauka haraka hupasuka. Kipupwe kilitusaidia, kwenye joto la Februari magunia yale yangekauka kabla ya adhuhuri.

Ilibaki kona ya mashariki, kwenye uchochoro kati yetu na jirani, ambako kusi lilijipenyeza na kuzunguka hadi kwenye miguu ya mkaaji. Mimi nilitaka ukuta. Fundi akanielewesha kwamba ukuta mzito huupandisha upepo juu kisha ukaangukia upande wa pili kwa nguvu, bora wigo wenye matundu unaouchuja. Tukatumia milingoti ya mkonge. Watoto wa Tanga tunakua tukisikia habari za Richard Hindorf, Mjerumani aliyeagiza miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Pangani. Ambalo halisemwi sana ni kwamba mkonge hutoa mlingoti wake mara moja, ukachanua, kisha mmea ukafa, na mlingoti ule ukikauka ni mwepesi na mnyoofu. Watu wa huku wamejengea mabanda na nyua kwa mabaki hayo tangu zamani. Tuliisimamisha ikiachana upana wa vidole, tukaifunga kwa kamba. Upepo ulipita, lakini ulipita umechoka.

Jirani akaleta vipando vya asumini. Mama aliye edani hajipambi wala hajitii manukato, na nilidhani atasema ngoja. Akaniagiza nichimbe chini ya wigo, mbali na kifusi cha saruji, akanipitishia dirishani kopo la maji ya kumwagilia.

Siku aliyolikalia mara ya kwanza hapakuwa na sherehe. Saruji ni baridi mno asubuhi, kwa hiyo nilitandika mkeka na juu yake takia la sufi. Akaja na kikombe cha chai ya tangawizi, akakaa, akaegemea. Hakuwa na ungo, hakuwa na nazi, mikono yake haikuwa na kitu zaidi ya kile kikombe. Alikaa hivyo mpaka jua lilipopanda na kivuli cha upenu kikamfika usoni. Nilipomwuliza kama anataka nimletee mchele auchambue akasema, "Uache."

Eda ilikwisha mwanzoni mwa Septemba. Wanawake wa mtaa walikuja kumtoa, akaoga, akavaa kanga mpya, wakajaa uani, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba baraza ni fupi. Watano walienea, waliobaki wakarudi kwenye mikeka. Mama hakulipenda hilo hata kidogo. Juma lililofuata akanituma Makorora.

Fundi alipoingia, mama alikuwa amesimama palepale mlangoni pa uani, akimsubiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ile kamba yangu bado unayo?"

Fundi akasema anayo, ipo kwenye mfuko wa vifaa. Mama akamwonyesha ukuta hadi ulipoishia, akamwambia anataka baraza lifike kule, kimo kilekile, na egemeo lipande vidole viwili maana shangazi ni mrefu. Kisha wakaanza kupatana bei wao wawili, na mimi nikaenda kuchota maji ya kulowesha mawe.