Kamba ya mkwajuni

Nilimkuta afande chini ya mkwaju kule Kigamboni, anazungushia gunia kwenye tawi la kufungia kamba ya kukwea. Alikuwa amestaafu jeshi la wanamaji. Kabla ya magwanda alikuwa bingwa wa jimnastiki shuleni kwao.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Kamba haikatiki katikati. Hukatikia hapa, inapojisugua."

Akaifunga kamba ya katani juu ya lile gunia, akaning'inia, akajitikisa mara mbili mpaka fundo likabana. Mita 5 kutoka tawini hadi mchangani. Umande ulikuwa umeikakamaza, kwa hiyo tukangoja jua liipige kidogo.

Kisha akaketi kitako, miguu mbele, kamba kati ya mapaja. Ndivyo walivyoanza Los Angeles mwaka 1932, aliniambia, mara ya mwisho kukwea kamba kuwa mchezo wa Olimpiki. Mita 8, mikono tu. Raymond Bass alitumia sekunde 6.7, William Galbraith 6.8, Thomas Connolly 7.0, wote watatu maofisa au wanafunzi wa jeshi la majini la Marekani. Bass baadaye aliongoza nyambizi vitani. Connolly alifika admirali wa nyota tatu, na jina la ndege ya kivita F-14, Tomcat, lilichaguliwa kwa sehemu kwa heshima yake. Afande aliyataja majina hayo kama anataja ndugu zake.

Zamu yangu. Alinikataza kuruka: anayeruka ameiba mita nzima. Mikono inyooke juu, mvuto wa kwanza ulete kidevu mpaka kwenye ngumi, halafu mkono wa chini uupite wa juu upesi, miguu ikitupwa kwa zamu bila kugusa kamba. Ukikawia na kiwiko kilichokunjwa, kigasha kinajaa, vidole vinafunguka vyenyewe. Hapo ndipo wengi wanapoanguka.

Nililigusa tawi. Furaha ikanishika, nikalegeza vidole, nikateleza. Katani haisamehi: ngozi ilitoka chini ya vidole vyote vya mkono wa kulia, nyama ikabaki nyeupe kabla damu haijaja.

Afande alinimwagia maji safi, akanifunga kitambaa, hakunikemea. Akapanda mwenyewe, akashuka ngumi baada ya ngumi, polepole kuliko alivyopanda. Alipofika chini alinifungulia kiganja chake: sugu nne zimejipanga, ngumu kama kwato.

"Ngozi ikirudi, njoo. Tutaanza na kushuka."