Ukurasa wa konokono

Mwaka 1973 nilikuwa darasa la tano, kijijini kwetu upande wa Magu. Ulikuwa mwaka wa Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya. Nchi nzima watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza Radio Tanzania, kisha wakasoma kijitabu na kujadiliana: malaria, safura, kuhara, kichocho, kifua kikuu.

Kikundi cha baba kilikutana jioni chini ya mwembe. Siku ya kichocho betri za redio zilikuwa zimekwisha. Kiongozi akaniita, "Wewe mtoto wa shule, njoo utusomee."

Nikasimama, nikaanza kwa sauti ya darasani. Kijitabu kilieleza kwamba mayai ya minyoo hutoka na mkojo au choo cha mgonjwa, yakifika majini hutotoa vijidudu vinavyoingia ndani ya konokono, vikaongezeka humo, kisha hutoka vikatoboa ngozi ya mtu aliyeingia majini. Lambo letu nililiona mbele ya macho. Tuliogelea pale kila siku tukichunga. Nikafika mahali palipotaja kukojoa damu, sauti ikakatika.

Nilikuwa nakojoa damu tangu msimu wa kuvuna pamba. Wavulana wakubwa walituambia ndiyo kukua, na mimi nilikuwa nimeamini.

Watu wakangoja. Baba akanyoosha mkono, akachukua kijitabu. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo chenye manufaa ambacho UNESCO na serikali walikuwa wamekijaribu kwanza huku kwetu mikoa ya Ziwa. Akaweka kidole chini ya maneno, akaendelea silabi kwa silabi: ko-no-ko-no. Hakuna aliyecheka. Alimaliza ukurasa mzima, jasho likimtoka.

Miaka mingi baadaye, maktaba mjini Mwanza, nilisoma kwamba Edward Youmans alianzisha Popular Science Monthly huko New York mwaka 1872, ili sayansi imfikie msomaji wa kawaida. Namheshimu sana kwa hilo. Lakini msomaji wa kawaida ninayemjua mimi ni baba, na sayansi ilimfikia kwa Kiswahili, katika kijitabu chembamba.

Usiku ule aliniuliza taratibu, "Na wewe, mwanangu?" Nikaitikia kwa kichwa.

Alfajiri alinipakia kwenye baiskeli kwenda zahanati. Kijitabu nilikishika mimi, na njia nzima alinitaka nimsomee tena ukurasa ule, kuanzia palipoandikwa konokono.