Noti za Linnaeus, nyigu wa Fiby

Kabla ya nyigu, nianze na pesa. Duka moja la kubadilisha fedha Dar es Salaam liliniuzia krona za Uswidi, noti za mia mia, safi kabisa, upande mmoja Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeanzisha mtindo wa kuwapa viumbe majina ya Kilatini, upande wa pili nyuki juu ya ua. Nikaona ni dalili njema, kwa kuwa nilikuwa naenda Uppsala, mji aliofundisha Linnaeus na kuzikwa humo, kujifunza kutambua nyigu vidusia. Muuza kahawa wa kwanza akaigeuza noti, akamwita mwenzake, wakanitazama kwa huruma. Zilifutwa tangu 2017! Mia ya siku hizi ina Greta Garbo, mwigizaji wa filamu wa zamani, na hata huyo Garbo maduka mengi hayamtaki, wanataka kadi tu. Benki kuu yao huzipokea za zamani, lakini kwa maombi, kwa ada, na kwa kusubiri. Bei ya kikombe kile kimoja, kwetu ningekula wali kuku na soda, na chenji nikarudishiwa.

Mafunzo yalikuwa ya kuinamia hadubini kutwa mpaka shingo inakakamaa. Nyigu kidusia jike hutaga yai juu au ndani ya mdudu mwingine. Buu likianguliwa linamla mwenyeji wake mpaka anakufa. Tulianza kwa kukatazwa kuamini rangi. Hesabu pingili za vipapasio, tuliambiwa. Nyigu wa kawaida wenye mwiba wa kuuma, jike ana 12, dume 13. Ukifika 16 na kuendelea, huenda umeshika ikneumonidi, ukoo wenye spishi zaidi ya 20,000 zilizopewa majina duniani. Kisha bawa la mbele. Ndugu zao wa karibu, brakonidi, karibu wote hawana kimshipa kimoja kifupi ambacho ikneumonidi wanacho, kinachoandikwa 2m-cu. Tena ikneumonidi wana chumba chenye umbo la kichwa cha farasi katikati ya bawa. Ukishakiona, hukisahau.

Usiku wa Juni kule si usiku. Saa nne jua bado linazubaa, na pazia la chumba changu lilikuwa la mapambo tu. Taa ya bafuni ikiwashwa, nyigu wa rangi ya chungwa waliingia, miguu mirefu, tumbo limebanwa ubavuni. Wote sawa machoni. Lakini mwenye kijumba kidogo cha pembetatu kwenye bawa ni Netelia, asiye nacho ni Ophion. Wote wawili hudunga ukiwashika ovyo, kwa hiyo somo hilo huingia mwilini.

Sasa Fiby. Ni msitu wa hifadhi magharibi ya Uppsala, haukatwi, miti ikianguka inalala hapo hapo na kuota ukungu. Hairuhusiwi kuchukua kitu, ni kutazama na kupiga picha. Mbu wa huko hawana haya. Dawa yao ya kupaka iliuzwa kwa bei ya mbuzi. Nilikuwa nimeketi nyuma ya wenzangu nikijikuna, nikinung'unikia mkate wangu wenye kipande kimoja cha jibini, nilipoona kitu cheusi kikitembea juu ya gogo la msonobari.

Alikuwa Rhyssa persuasoria jike. Linnaeus ndiye aliyempa jina la spishi, mwaka 1758, na huyu hakuhitaji hadubini. Mwili wa karibu sentimita nne, mweusi, madoa meupe yamepangwa ubavuni mwa tumbo, miguu myekundu ya kutu, na nyuma mrija wa kutagia unaozidi urefu wa mwili wenyewe. Alikuwa anagonga gome kwa ncha za vipapasio, anasogea, anagonga tena. Ndani ya mbao huishi buu la nyigu mnene wa mbao, Urocerus gigas, na Rhyssa humjua kwa harufu ya kinyesi chake na ya ukungu ambao mama yake aliupanda kwenye mti.

Akasimama. Akainua tumbo juu mpaka nikadhani atapinduka, akauleta mrija chini, wima kati ya miguu. Ala mbili zinazoufunika zikabaki nje zimejipinda, sindano peke yake ikaanza kuzama. Kwenye mbao ngumu! Hana keekee, hana nyundo, anajizungusha kidogo huku na huku tu. Nilisahau mbu. Wenzangu waliita, sikuitika. Baada ya nusu saa na ushei sindano yote ilikuwa imeingia. Chini humo buu hupoozwa, likatagiwa yai. New Zealand walimchukua nyigu huyu kutoka Ulaya kwa makusudi, awalindie misonobari ya mashamba.

Kwenye basi la kurudi nilikuwa nawaza muhogo. Kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mmea, alionekana Kongo mwaka 1973, akasambaa akikausha mashamba nchi baada ya nchi. Aliyemdhibiti ni nyigu kutoka Paraguay, Anagyrus lopezi, milimita moja au mbili tu, aliyeanza kuachiwa Nigeria mwaka 1981. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nyigu mwenyewe, nani Mkuranga anamjua kwa sura?

Jioni hiyo nikampigia mama simu. Nikamweleza yule mdudu mweusi wa jikoni kwetu, mwenye katumbo kadogo kamebandikwa juu mgongoni, kanachezacheza, ambaye yeye humpiga kandambili kila akimwona. Nikamwambia, mama, yule ni Evania, ni nyigu kidusia, mayai yake huyataga ndani ya vifuko vya mayai ya mende. Usimuue, anakusaidia.

Akanyamaza kidogo. "Ana miaka mingapi humu ndani?"

"Wapo siku zote, mama."

"Basi mwanangu, mwambie aongeze bidii. Mende bado wapo."