Uliza kwanza, pima baadaye: uzoefu wangu na wasichana wa sekondari Kigoma

Nikipima uzito na urefu wa wasichana, mzani nauweka mwisho. Msichana akishaiona namba, ukimuuliza anauonaje mwili wake atakujibu hiyo namba. Kwa hiyo naanza na michoro tisa ya maumbo ya wanawake, kuanzia mwembamba kabisa hadi mnene kabisa, na maswali matatu: wewe ni yupi sasa, ungependa kuwa yupi, na nyumbani wangekusifia ukiwa yupi?

Swali la tatu nimeliongeza mwenyewe, na ndilo linalofungua mdomo. Huku kwetu binti akipungua kidogo tu, shangazi anauliza, "Mbona umekonda, unaumwa?" Darasani huyohuyo anaitwa bonge. Kwenye simu anaona kiuno cha nyigu na nyonga pana kwa mtu mmoja. Akionyesha picha tatu tofauti, hapo kuna la kuongea. Michoro yenyewe, ya mtafiti Stunkard na wenzake ya mwaka 1983, ni ya watu wazima, hivyo siitumii kupima chochote zaidi ya pengo kati ya jibu na jibu.

Mzani ukae kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Kuuhakiki ni rahisi: pima dumu tupu, mimina maji lita 20 kwa jagi lenye alama, pima tena, lazima ziongezeke kilo 20. Usijaze kwa macho, maana dumu likijaa hadi mdomoni huzidi lita 20. Na lisiwe la mawese, kwani mafuta ni mepesi kuliko maji: lita 20 ni kilo 18 na ushee.

Urefu ndio unaoharibu hesabu zaidi. Viatu vivuliwe, visigino viguse ukuta, macho yatazame mbele, kisha kitabu kigumu kishushwe hadi kiguse fuvu. Shule zinazoruhusu kusuka zina shida ya fundo la nywele. Msichana wa kilo 49 na mita 1.56 ana uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 20.1 (zidisha 1.56 kwa 1.56, kisha gawa 49 kwa jibu hilo). Fundo la sentimita tatu linaushusha hadi 19.4.

Anaingia mmoja mmoja, mlango umefungwa. Namba inaandikwa, haitamkwi, na anayeandika asiwe mwanafunzi mwenzao.

Kisha nafungua chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, ya umri wa miaka 5 hadi 19. Msichana aliyetimiza miaka 15 yuko kawaida uwiano wake ukiwa kati ya 15.9 na 23.5, katikati ni 20.2. Programu nyingi za simu hutumia kipimo cha watu wazima, ambacho kawaida yake inaanzia 18.5, ndiyo maana binti mwenye uwiano wa 17 anakuja akiamini amedhoofu.

Wanaonichukulia muda ni wale walio kawaida kabisa lakini wanasema, "Madam, mimi bonge." Simwambii "hapana, wewe mzuri"; hakuuliza hilo. Namweleza kwamba kabla ya kuvunja ungo msichana hurefuka kwa kasi, baadaye urefu unapungua mwendo huku nyonga na mapaja yakiendelea kujaa, na kwamba karibu na hedhi mwili hushika maji, mzani ukapanda hata kilo nzima. Halafu namuuliza asubuhi amekula nini. Akiwa anaruka mlo, anajitapisha, au hedhi imekata miezi mitatu, huyo namwandikia rufaa siku hiyohiyo.

Upande wa pili kuna vidonge vya kunenepesha, vinavyouzwa kwa kunong'onezana. Mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi mzito darasani, au deksamethasoni, inayovimbisha uso na kupandisha sukari na presha. Uso ukiwa duara huku mikono ni myembamba, naulizia vidonge kabla ya chakula. Na aliyekwisha kuzoea deksamethasoni simwambii aache papo hapo: kukatisha ghafla kunaweza kumwangusha. Aje na pakiti, twende wote kwa daktari.