Siku moja maishani mwangu, pembeni ya kiti cha meno

Mimi ni msaidizi wa daktari wa upasuaji wa kinywa. Watu wengi hudhani kazi yangu ni kushika mpira wa kufyonza mate na kumpa daktari vyombo. Mpira huo naushika kweli, lakini ningependa wajue mengine yanayopita mikononi mwangu, hasa siku ambayo kipandikizi cha jino, yaani skrubu ya madini ya titani inayopachikwa kwenye taya ili ishike jino bandia, kimeshindwa na mwenyewe ana haraka.

Saa 12:30 asubuhi nafungua chumba, nafuta kiti na taa, kisha nakagua vifurushi vya vyombo vilivyotakaswa jana kwa mvuke wa nyuzi joto 134. Kifurushi chenye unyevu hurudi kwenye mashine hata kama mgonjwa ameshafika, na leo kimerudi kimoja.

Saa 3:00 tunampandikizia mama mmoja mfupa. Aling'olewa gego miaka mingi iliyopita, na kwa kuwa taya lisilo na jino husinyaa, hapakubaki upana wa kutosha kushika kipandikizi. Tangu ziara ya kwanza nilimweleza kwamba chembe tutakazotumia zimetokana na mfupa wa ng'ombe, na nikamtajia asili ya utando wa kolajeni, protini itokayo kwa wanyama, utakaozifunika, kwa sababu wapo wanaokataa mnyama fulani kwa ajili ya imani yao na ni haki yao kuulizwa kabla ya ganzi. Nilizikoroga chembe hizo na damu yake mpaka zikashikana kama mchanga mbichi. Daktari akazipanga, akazifunika kwa utando ili nyama ya ufizi, ambayo hukua upesi kuliko mfupa, isiingie na kuchukua nafasi. Kazi ikaisha salama.

Saa 5:00 akaingia mzee ambaye ufizi wake ulikuwa ukitoa usaha kwa miezi kadhaa.

"Binti yangu," akaniambia kabla hajakaa, "toeni hiki, mweke kipya, niende zangu."

Picha ilionesha mfupa umeliwa kuzunguka kipandikizi mithili ya bakuli, zaidi ya nusu ya urefu wake. Mzee anavuta sigara, na aliacha kuja kusafishwa akiamini kwamba titani haiozi. Ni kweli titani haiozi, lakini ufizi na mfupa unaoishika huugua. Huniuma kila mara ninapokutana na mtu aliyeuziwa kipandikizi kama kitu cha kudumu milele bila kuambiwa hayo.

Wengi hufikiri kipandikizi kilichoshindwa hulegea na kutoka chenyewe. Hiki, sehemu yake ya chini ilikuwa bado imeng'ang'aniwa na mfupa. Daktari alijaribu kukizungusha kinyume kwa ufunguo wake, ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza. Ikabidi achukue keekee nyembamba yenye uwazi katikati, inayokata duara kuzunguka chuma. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza hasa, kwani mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu unaweza kudhurika, na ukidhurika hautashika kitu kingine. Mkono mmoja nilimwagia maji baridi ya chumvi bila kukatiza, mwingine nikafyonza maji na damu ili daktari aone, huku jicho likiwa kwenye uso wa mzee. Kila dakika chache aliinua mkono, tukasimama. Aliuliza kama tumemaliza, tukaendelea. Bega langu lilikufa ganzi ambayo hakuna aliyenichoma. Sikumbuki ilikuwa saa ngapi chuma kilipolia kidogo na kutoka, kikiwa na ukoko wa kahawia umegandamana kwenye mikunjo yake ya juu, na ncha safi yenye vipande vya mfupa.

"Sasa wekeni kipya," akasema mzee kupitia shashi.

Daktari alimweleza kwamba ukuta wa mfupa upande wa shavu umekwisha na usaha bado upo, kwa hiyo ufizi utapona kwanza kwa wiki 8, kisha mfupa utapandikizwa na kusubiriwa kwa miezi 4 hadi 6, ndipo kipandikizi kipya kifikiriwe. Hata hapo, cha pili huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kushindwa kuliko cha kwanza. Mzee akakasirika, akasema tunamzungusha. Daktari alipoitwa chumba cha pili nilibaki naye. Nilimwambia kuwa Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi vya titani mwaka 1965, naye alilazimika kusubiri miezi hadi mfupa uungane na chuma, na hadi leo hakuna aliyepata dawa ya kuuharakisha mfupa kama tupendavyo.

"Na sigara?" akauliza baada ya kimya kirefu.

"Ukiendelea nazo, baba, tutakutana tena kwenye kiti hiki kwa shida hii hii."

Hakujibu. Aliomba apewe kile chuma. Nikakisafisha, nikakitakasa, nikamfungia kwenye kifuko.

Mchana ulipita kwa kutoa nyuzi na kupiga picha, sikula mpaka jioni. Wa mwisho alipoondoka nilipiga brashi keekee ile, tundu kwa tundu, kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haukuinuka tena. Kisha nikaandika miadi ya mzee kwenye daftari, wiki 8 mbele, na pembeni nikaongeza: aulizwe kuhusu sigara.