Karpi walivyofungua rutuba iliyonaswa kwenye matope ya bwawa langu

Kwa msimu mzima nilitia mbolea ya fosfati katika bwawa langu la perege, na kila mara maji yalikuwa ya kijani kwa siku chache, kisha yakarudi kuwa maangavu. Nilidhani mbolea ni hafifu. Kumbe chembe zake zilizama, na tabaka la juu la matope, ambalo likipata oksijeni huwa na chuma chenye kuishika fosfati, likainyima mwani, yaani vijimea vidogo mno vinavyoyapa maji ukijani, ambao ndio chakula asilia cha perege.

Nikapandikiza karpi wachache, samaki anayefukua tope kwa mdomo akitafuta minyoo na mabuu ya wadudu. Kila anapofukua, maji yaliyonaswa ndani ya tope, yenye rutuba nyingi, yaani fosfati na amonia, kuliko yale ya juu, huchanganyika na maji ya bwawa. Na alichokila chini hukirudisha juu kwa kinyesi, na kwa amonia inayotoka kwenye matamvua yake. Baada ya wiki kadhaa ukijani ulidumu bila kupotea, ingawa nilikuwa nimepunguza mbolea. Nilifurahi mno.

Shida ilianza karpi walipokua. Nilikuwa nimehesabu idadi yao bila kufikiria uzito, ilhali karpi mkubwa hufukua kwa kina ambacho kifaranga hakifikii. Maji yakawa ya kahawia. Niliyachota kwenye chupa ya kioo nikayaacha usiku kucha. Asubuhi udongo ulikuwa umetuama, na juu yake maji karibu hayana rangi, yaani mwani ulikuwa haba. Udongo huo ulizuia mwanga, na chembe za mfinyanzi zinapoelea huweza kuishika tena fosfati ileile iliyokwisha kufunguliwa. Tope lililovurugwa pia hutumia oksijeni, na kwa kweli niliumia kuwaona perege wakihemea juu ya maji alfajiri.

Niliwavua karpi wakubwa, nikawaacha wadogo. Sasa kila wiki natumbukiza mkono wima. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwikoni, na rangi ni ya kijani, siongezi mbolea; kikionekana hata maji yakipita kiwiko, naiyeyusha mbolea kwanza katika ndoo na kuinyunyiza, ili isizame ikiwa chembe; kikipotea mapema katika maji ya kahawia, naacha mbolea na kuchukua wavu.