Volterra, mji wa Waetruski juu ya kilima

Waetruski walistawi katika Italia ya kati kabla ya Roma kupata nguvu, na miji yao mingi ilikuwa juu ya vilima, mahali ambapo adui huonekana angali mbali. Anayetaka kuwafahamu, namshauri apange nyumba ya mapumziko mashambani na kuuzoea mji mmoja, badala ya kukimbilia mitano kwa siku tatu. Sisi tulifikia karibu na Volterra, mkoani Toscana, mji ambao wenyewe waliuita Velathri, na tulikuwa tukipanda huko asubuhi kabla watalii hawajafurika.

Ukuta wao wa karne ya 4 KK ulizunguka takriban kilomita 7. Lango liitwalo Porta all'Arco bado linapitiwa na watu hadi leo, na juu ya upinde wake vimechomoza vichwa vitatu vya mawe, vilivyolika kwa mvua na upepo hata nyuso hazitambulikani tena. Mwaka 1944 jeshi la Ujerumani lilikusudia kulilipua ili kuwafungia njia maadui zake. Wakazi wakang'oa mawe ya barabara kwa mikono yao, wakaliziba lango lote usiku na mchana, likasalimika. Nilipolisoma jambo hilo nikiwa nimesimama papo hapo, niliwaheshimu mno watu wa mji huu.

Hazina kubwa zaidi imo katika jumba la makumbusho la Guarnacci, lililotokana na vitu ambavyo Mario Guarnacci aliwaachia wananchi wa Volterra mwaka 1761. Humo mna zaidi ya masanduku 600 ya majivu ya wafu, mengi yakiwa ya alabasta, jiwe laini linalochimbwa maeneo hayo na ambalo mafundi wa mji wanalichonga mpaka sasa. Lililonigusa kuliko yote ni la udongo wa kuchoma: juu ya kifuniko chake wamejilaza mume na mke wazee, mashavu yamejaa makunyanzi, mke akimkazia mumewe macho. Aliyeifinyanga kazi hiyo hakuwapunguzia hata mwaka mmoja wa umri wao. Wageni wengi hupita mbele yake haraka wakitafuta sanamu nyembamba ya shaba iitwayo Ombra della Sera, ambayo kweli ni nzuri, lakini mimi ningeomba wazee hao watazamwe kwanza, asubuhi, ukumbi ukiwa bado mtupu.